Kisukari cha aina ya pili: kutoka swali la kwanza hadi msimbo kwenye rejista

Swali linaloharibu vipimo vingi vya sukari hapa Mombasa ni hili: "Mama, umekula?" Naye hujibu kwa moyo mweupe, "Sijala mwanangu, nimekunywa chai tu." Aliyelelewa hapa anajua chai hiyo ni nini. Ni chai ya maziwa iliyokolea sukari, mahamri mawili, na pengine kibakuli cha mbaazi za nazi. Kwa Kiswahili chetu kula ni kula wali. Asubuhi mtu hunywa chai. Mama hakudanganya hata kidogo. Swali ndilo lililokuwa bovu, na kipimo kitakachofuata kitaitwa cha kufunga ilhali hakikufungwa.

Mwongozo huu nawaandikia wenzangu: matabibu, wauguzi na maafisa wa rekodi wa zahanati na vituo vya afya, kuanzia Likoni hadi Kisauni, mahali ambapo mtu mmoja huona wagonjwa arobaini kabla ya adhuhuri. Nitatumia neno msimbo kwa ile namba ya ugonjwa inayoingizwa kwenye rejista na kwenye madai ya bima. Kuthibitisha kisukari, kukiandika na kukisimba tumezoea kuzihesabu kuwa kazi tatu za watu watatu. Mimi naziona kazi moja. Aliye mwisho wa mstari hana njia ya kujua kile ambacho wa mwanzo hakuuliza wala kuandika.

Hatua ya kwanza: uliza vizuri kabla ya kuchoma sindano

Uliza hivi: "Tangu jana usiku, mara ya mwisho kutia kitu mdomoni kisichokuwa maji ilikuwa saa ngapi?" Kisha nyamaza, umsubiri afikirie. Halafu uliza tena kwa majina: chai? kahawa? soda? tende? Mzee anayeamkia kahawa tungu barazani haihesabu kahawa yake kuwa chakula, wala kipande cha kashata alichosindikizia. Kijana anayekesha na muguka huwa amekesha pia na soda na pipi. Tunachotaka ni saa 8 kamili bila chochote isipokuwa maji.

Jibu ukishalipata, liandike kwa saa za faili. Hapa pana mtego nimeuona mara nyingi. Mgonjwa anasema alikula "saa tatu usiku", akimaanisha 21:00, na mwanafunzi aliye kwenye mafunzo anaandika 3:00. Damu ikichukuliwa saa moja asubuhi, faili linasema amefunga saa 4 tu, na maabara wanamrudisha nyumbani bure. Geuza hapo hapo, uandike 21:00.

Mwezi wa Ramadhani una mambo yake. Mgonjwa aliyekula daku kabla ya alfajiri akaja saa tisa alasiri amefunga zaidi ya saa 8, na kipimo chake cha kufunga kinafaa mradi uandike saa ya daku. Wapo wanaoogopa kwamba kutolewa damu ya kupima kunaharibu saumu. Miongozo ya kisukari na Ramadhani inasema kuchoma kidole hakufunguzi. Hata hivyo, ukiona mtu ana wasiwasi usimlazimishe: mpe nafasi amuulize imamu wake, arudi kesho. Kipimo cha kunywa glukosi ndicho kisichowezekana mchana wa saumu. Kipangie siku nyingine.

Hatua ya pili: kidole, mshipa, na joto letu

Mashine ya kidole ni nzuri kwa kushuku na kwa kufuatilia. Kwa kuthibitisha, pendelea damu ya mshipa iliyopimwa maabara kila inapowezekana. Kama lazima utumie kidole, mgonjwa anawe mikono kwa sabuni na maji, akauke. Pamba ya spiriti pekee haitoshi. Mama aliyetoka soko la Kongowea akiwa amemenya maembe ana sukari ya embe kwenye ncha za vidole, na mashine itaisoma kama damu yake. Nimeona sukari ya 15 ikawa 6 baada ya kunawa, mtu yule yule, dakika tatu hazijapita. Kopo la vijiti vya kupimia nalo lifunikwe kila ukitoa kimoja, maana unyevu wa pwani unaviharibu, na tarehe ya mwisho isomwe.

Damu ya mshipa ina adui mwingine. Chembe za damu huendelea kula glukosi ndani ya chupa, na kiwango hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, zaidi kukiwa na joto. Sasa fikiria sampuli iliyotolewa Likoni saa mbili asubuhi, ikangoja wenzake kwenye mfuko, ikavuka feri, ikafika maabara ya kisiwani karibu na adhuhuri. Mtu mwenye 7.6 anaweza kurudi na 6.1 na kuambiwa hana kitu. Tumia chupa yenye kifuniko cha kijivu, ile yenye floraidi ya kuzuia chembe zisile glukosi, uiweke kwenye barafu, na plazma itenganishwe mapema. Floraidi yenyewe huchukua muda kabla ya kufanya kazi, kwa hiyo barafu usiiache. Andika saa ya kutoa damu kwenye karatasi ya maabara. Bila saa hiyo hakuna atakayejua jibu limechakaa kiasi gani.

Hatua ya tatu: namba zinazothibitisha

Kisukari kinathibitishwa kwa moja ya njia hizi: sukari ya kufunga ya 7.0 mmol/L au zaidi; sukari ya 11.1 au zaidi saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. HbA1c, ambayo wagonjwa wetu huiita sukari ya miezi mitatu, ya asilimia 6.5 au zaidi. Au sukari ya wakati wowote ya 11.1 au zaidi kwa mtu mwenye dalili zilizo wazi. Dalili ni zile zile za siku zote: kiu isiyoisha, kuamka usiku kukojoa mara kwa mara, mwili kupungua bila sababu.

Asiye na dalili anahitaji majibu mawili yaliyovuka mpaka. Yanaweza kuwa ya vipimo viwili tofauti kwenye damu ya siku moja, kama sukari ya kufunga na HbA1c, au kipimo kimoja kilichorudiwa siku nyingine. Moja likivuka na la pili lisivuke, rudia lile lililovuka. Usimwambie mtu "una sukari" kwa namba moja ya kidole aliyopimwa hemani kwenye kambi ya afya. Neno hilo likishatoka, mtu analibeba nyumbani. Nimewaona walioacha wali mwaka mzima na kununua mizizi ya bei ghali kwa sababu ya kipimo kimoja kilichofanywa baada ya soda.

Walio katikati wasipotee. Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari ya kufunga ya 6.1 hadi 6.9 kuwa imepanda kupita kawaida bila kufika kisukari. Wamarekani huanzia 5.6. Andika umetumia kipimo cha nani, mpangie tarehe ya kurudi, na usimwandikie kisukari.

HbA1c inapendwa kwa kuwa haihitaji kufunga, lakini Pwani yetu inahitaji tahadhari. Selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, ipo kwenye familia nyingi za hapa. Mtu ambaye chembe zake nyekundu hazidumu kawaida hupata HbA1c ya chini kuliko hali yake halisi. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeongezewa damu karibuni au aliyepoteza damu nyingi. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, unaweza kuipandisha. Wajawazito na wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu nao usiwategemezee kipimo hiki. Kwa wote hao rudi kwenye glukosi, na kwenye faili andika sababu ya kutotumia HbA1c, ili daktari wa baadaye asiione nafasi tupu akaagiza kipimo hicho hicho.

Kisha kuna vizio. Jamaa wa Mombasa wanaofanya kazi Uarabuni huwaletea wazazi wao mashine zinazosoma kwa mg/dL. Mzee anakuja na kipande cha karatasi chenye 140, 165, 152, na mtu anayewaza kwa mmol anataka kumkimbiza wodini. Gawanya kwa 18: 126 ni 7.0, 200 ni 11.1, na hiyo 140 haifiki hata 8. Namba bila kizio isiingie kwenye faili.

Hatua ya nne: ni aina gani?

Wengi watakuwa wa aina ya pili: mtu mzima, mara nyingi mwenye uzito wa kiunoni, mwenye ndugu au mzazi aliye nacho, ambaye sukari imempanda pole pole. Lakini jiulize kila mara, angalau kwa pumzi moja. Kijana mwembamba aliyekonda kwa wiki chache, anayetapika, pima ketoni (asidi zinazojaa mwilini insulini ikikosekana) siku hiyo hiyo. Huyo huenda ni wa aina ya kwanza, na kumpa vidonge arudi baada ya mwezi kunaweza kumuua. Mwenye pumu anayemeza prednisoloni, dawa ya steroidi, mfululizo sukari yake inaweza kuwa imeletwa na dawa. Mtu aliyelazwa na nimonia kali anaweza kusoma 13 leo na 5.8 akishapona, kwa wa namna hiyo andika "sukari imepanda wakati wa ugonjwa, ipimwe tena akipona".

Mjamzito ana mlango wake peke yake. Kisukari kilichozuka na mimba hakiandikwi cha aina ya pili. Apimwe tena kwa glukosi gramu 75 wiki kama 6 baada ya kujifungua, ndipo jina libadilike au liondoke.

Na hili liwekwe wazi kwa maafisa wa rekodi: kudungwa insulini hakumgeuzi mtu kuwa wa aina ya kwanza. Matoleo ya zamani ya kitabu cha misimbo yaliita aina ya pili "kisichotegemea insulini", na jina hilo limewapotosha wengi. Mama wa miaka 60 aliyemeza vidonge miaka 12 kisha akawekwa insulini bado ni wa aina ya pili. Kama tabibu hakuandika aina, rudisha faili kwake. Usikisie kwa kutazama dawa.

Hatua ya tano: siku hiyo hiyo, tafuta madhara

Aina ya pili hukaa mwilini miaka kabla ya kugunduliwa, kwa hiyo madhara yanaweza kuwapo siku ya kwanza kabisa. Presha, uzito, urefu na kiuno hazina mjadala. Macho yakaguliwe kwa dawa ya kutanua mboni, sasa na kila mwaka. Kumsomesha herufi ukutani hakuonyeshi retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Kwa ajili ya figo, mkojo upimwe uwiano wa albumini (protini inayovuja figo zikidhurika) na kreatinini (taka inayochujwa na figo), na damu ipimwe kreatinini. Uwiano ukifika 3 mg/mmol au zaidi, urudie. Ugonjwa sugu wa figo unahitaji ushahidi wa miezi 3, na jibu moja baada ya homa au maambukizi ya mkojo halitoshi kuliandika jina hilo.

Miguu ndiyo ninayotaka tukae nayo kidogo. Mwambie avue viatu na soksi, vyote viwili, hata benchi likiwa limejaa hadi nje. Tazama kati ya vidole. Gusa mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo. Chukua uzi wa nailoni wa gramu 10, umguse nao kwanza mkononi ajue unavyohisiwa, halafu afumbe macho. Bonyeza unyayo hadi uzi upinde, uhesabu moja, uondoe. Usimuulize "unahisi?" kila unapogusa, maana atasema ndiyo kwa adabu. Mwambie aseme "hapo" anapohisi, nawe uruke baadhi ya zamu bila kugusa. Ukimaliza, andika mguu gani na sehemu zipi.

Kuna mzee mmoja, mvuvi, aliyenionyesha miguu yake miaka ya nyuma nikiwa kwenye kliniki fulani. Uzi ulipita kwenye vidole vitatu vya mguu wa kulia bila yeye kusema neno. Nilimweleza kwa mdomo, tukakubaliana avae viatu hata akiwa nyumbani, akashukuru. Kwenye faili niliandika herufi mbili za DM, kifupi cha Kiingereza cha kisukari, na "dawa ziendelee". Miezi kadhaa baadaye alikanyaga kipande cha chupa, hakuhisi, akaja akachechemea mbele ya mtabibu mwingine aliyelisafisha jeraha kama la mtu yeyote na kumruhusu aende zake. Faili halikumwambia chochote. Mzee alipoteza kidole. Sijasahau kwamba nilijua na sikuandika, na tangu siku hiyo siiti mgonjwa wa pili kabla sentensi ya wa kwanza haijakamilika.

Hatua ya sita: andika sentensi nzima

Faili zetu huandikwa Kiingereza. Mfano huu nauweka kwa Kiswahili ili tuone maana yake. Sentensi mbovu ni ile tunayoijua sote: "DM, presha, sukari 14, dawa ziendelee." Sentensi inayofaa ni kama hii:

"Kisukari cha aina ya pili, kimethibitishwa leo kwa sukari ya kufunga 9.2 mmol/L (amefunga tangu 21:00, damu ya mshipa) na HbA1c 8.4%. Ganzi ya miguu yote miwili kutokana na kisukari. Uzi wa gramu 10 hauhisiwi vidole vya kwanza hadi vya tatu mguu wa kulia. Hakuna kidonda. Macho hayajakaguliwa, amepewa rufaa. Albumini ya mkojo inasubiriwa. Presha ya kupanda, inatibiwa."

Ndani yake mna mambo manne ambayo aliye mbele hawezi kuyabuni: aina, ushahidi wake, madhara yaliyopo, na uhusiano kati ya madhara hayo na kisukari. La mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Maneno "kutokana na" ndiyo yanayompa afisa wa rekodi ruhusa ya kuunganisha ganzi na kisukari. Na usiyaandike kwa mazoea. Mtu aliyemeza metformini, kidonge cha kushusha sukari, miaka mingi anaweza kuwa na ganzi kwa upungufu wa vitamini B12, na anayekunywa mnazi kila jioni ana sababu yake nyingine. Ukiwa na shaka sema una shaka, na useme utapima nini.

Tofautisha "macho hayana tatizo" na "macho hayajakaguliwa". Neno "haijadhibitiwa" pia liepuke likiwa peke yake, maana halisemi kama sukari inapanda au inashuka, weka namba. Na usiandike "aliyekuwa na kisukari" kwa sababu leo amesoma 5.4 akiwa kwenye vidonge. Mapatano ya wataalamu ya mwaka 2021 yanahesabu kwamba kisukari kimetulia pale tu HbA1c inapokuwa chini ya 6.5% angalau miezi 3 baada ya kuacha dawa zote za kushusha sukari, na hata hapo macho, figo na miguu huendelea kukaguliwa.

Hatua ya saba: kusimba

Kwenye ICD-10, toleo la kumi la kitabu cha misimbo ya magonjwa cha Shirika la Afya Duniani, herufi na tarakimu mbili za mwanzo hutaja aina. E10 ni ya kwanza, E11 ya pili, E12 inahusiana na utapiamlo, E13 ni aina nyingine zilizotajwa kama ile iliyoletwa na dawa, na E14 ni kisukari ambacho hakuna aliyesema ni cha aina gani. Ukiona E14 nyingi kwenye kituo, usiulaumu mkono wa aliyesimba kabla hujasoma alichoandikiwa.

Tarakimu baada ya nukta hutaja madhara: .0 kupoteza fahamu, .1 ketoasidosisi (damu kujaa asidi za ketoni), .2 figo, .3 macho, .4 neva, .5 mishipa ya damu ya pembeni, humo mkiwamo kidonda na kuoza kwa mguu, .6 madhara mengine yaliyotajwa, .7 madhara zaidi ya moja, .8 madhara yasiyotajwa, .9 bila madhara.

Mgonjwa wa sentensi yetu ya mfano ni E11.4 kwa neva. Kitabu kinatuongezea msimbo wa pili wa mahali palipoathirika: E11.4 huwekewa alama ya kisu, †, na G63.2 huwekewa nyota, *, kwa neva nyingi zilizoathiriwa na kisukari. Kwa retina ni E11.3† na H36.0*, kwa figo E11.2† na N08.3*. Wa nyota hausimami peke yake wala hautangulii. Presha yake inaandikwa kando, I10. Akirudi na madhara ya macho juu ya ganzi utamhamisha E11.7, lakini ongeza na misimbo ya nyota, kwa kuwa .7 peke yake inasema "mengi" bila kusema yapi, na anayepanga idadi ya waganga wa macho hatamwona.

Sasa tazama E11.9. Maana yake ni bila madhara, na afisa wa rekodi huitumia asipoona madhara yaliyoandikwa. Kimya cha faili kinasomwa kama afya. Mvuvi wangu alikuwa E11.9 kwenye kila ripoti hadi wiki ya kidole. Kwa hiyo unapomwona mgonjwa wa miaka 15 akiwa E11.9, mfungulie faili uangalie kama kuna mtu aliyewahi kumvua soksi.

Sukari iliyopanda ambayo haijathibitishwa ni R73.9, kipimo cha kunywa glukosi kilichotoka kisicho cha kawaida ni R73.0. Mjamzito aliyekuwa na aina ya pili tangu awali ni O24.1, na kilichozuka wakati wa mimba ni O24.4. Usitumie E11 kwa "huenda ana kisukari". Kesho akipimwa akaonekana hana, msimbo huo utakuwa umeshaingia kwenye hesabu na hautoki kirahisi.

Jihadhari na orodha za kwenye simu. Ukitafuta msimbo mtandaoni mara nyingi utaletewa toleo la Marekani, lenye tarakimu nyingi baada ya nukta, kama E11.65 au E11.42. Hayo ni ya mfumo wao na hayamo kwenye kitabu cha Shirika la Afya Duniani. Toleo jipya la dunia, ICD-11, lilianza rasmi Januari 1, 2022. Humo aina ya pili ni 5A11, na madhara huunganishwa nayo kwa mkwaju, mfano 9B71.0Z/5A11 kwa retina. Mfumo wenu ukiwa umehamia huko, msichanganye matoleo mawili kwenye rejista moja.

Cheti cha kifo nacho ni usimbaji. Kwenye fomu ya D1, ile ya kusajili kifo, "moyo ulisimama" si sababu, kila afaye moyo wake husimama. Kama kidonda cha mguu kilileta sumu kwenye damu, na kidonda kililetwa na kisukari cha aina ya pili, andika mlolongo huo mstari kwa mstari, kisukari kikiwa chini kabisa.

Hatua ya nane: rejista, bima na siri

Mgonjwa mpya na wa marudio watenganishwe siku hiyo hiyo kwenye MOH 204B, rejista ya wagonjwa wa nje ya Wizara ya Afya, maana mwisho wa mwezi mtu atahesabu mistari hiyo kwa ajili ya muhtasari wa MOH 705B na, kwenye kliniki za sukari na presha, muhtasari wa MOH 740, kabla ya kuingiza kwenye mfumo wa taarifa za afya wa nchi. Mtu yule yule akiandikwa mpya kila mwezi, kituo kitaonekana kimepata wagonjwa kumi na wawili kumbe ni mmoja.

Tangu Oktoba 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, jina la ugonjwa na msimbo kwenye dai lazima vikubaliane na kilichomo kwenye faili. Yeyote akikuomba "umpandishie" mgonjwa msimbo ili dai lipite, kataa kwa upole na kwa uthabiti. Msimbo wa figo kwa mtu asiye na figo mbovu utamfuata kila aendako, na kuna dawa atakazonyimwa kwa sababu yake. Picha za faili zisizunguke kwenye makundi ya WhatsApp hata mkiwa mnaulizana kwa nia njema. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ficha jina, namba na uso, au piga simu.

Hatua ya mwisho: daftari la mgonjwa

Wagonjwa wetu wengi hubeba daftari la shule lenye jina lao juu, lililovalishwa mfuko wa plastiki. Ndilo linalovuka feri pamoja nao, linalokwenda nao Kwale kwenye matanga, linaloonekana kwanza wakizidiwa mbali na kituo chako. Liandikie ukurasa wa ndani wa jalada, kwa herufi zinazosomeka, kwa Kiswahili: kisukari cha aina ya pili, mwaka kilipothibitishwa, namba mbili zilizothibitisha na vizio vyake, madhara yaliyokutwa, dawa na kipimo chake, dawa zinazomdhuru, tarehe ya mwisho ya macho, ya figo, ya miguu.

Kisha msomee mwenyewe, au msomee binti aliyemsindikiza. "Bibi, hapa nimeandika kwamba mguu wako wa kulia hauhisi. Popote utakapokwenda, hata kama umekwenda kwa kikohozi, fungua ukurasa huu umwonyeshe daktari, umwambie atazame mguu." Mwache arudie kwa maneno yake. Akikosea, msomee tena, ndipo umwite anayefuata.